Frank Brown: Mtaalamu aliyesoma majivu ya Turkana na kuliingiza jina la Kataboi katika sayansi

KATABOI ni kijiji kilichoko kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kalokol, katika nchi kame ambako riziki hutokana na samaki na mifugo. Wakenya wengi hawajafika huko, na wengine hawajawahi kulisikia jina hilo.

Hata hivyo, kwa wanaochunguza asili ya binadamu, Kataboi ni jina la kawaida. Wao hulitumia kutaja sehemu ya ardhi iliyojijenga kati ya takriban miaka milioni 4 na milioni 3.4 iliyopita, sehemu iliyohifadhi mabaki ya viumbe walioishi kando ya mito na maziwa ya kale kabla binadamu wa leo hajakuwapo.

Miongoni mwa walioliingiza jina hilo katika sayansi ni Frank Brown, Mmarekani aliyekuwa mwanajiolojia na mjuzi wa kemia ya miamba. Sifa yake haikutokana na mafuvu ya kale. Kwa takriban nusu karne aliyachunguza majivu ya volkano ambayo wengine waliyapita wakitafuta mifupa. Kwa majivu hayo alisaidia kujibu swali ambalo mfupa wenyewe hauwezi kulijibu: una umri gani?

Swali hilo si dogo. Mfupa usiojulikana umri wake ni kama barua isiyo na tarehe. Utausoma, utaustaajabia, lakini hutajua kama ulitangulia au ulifuata ule uliopatikana ng'ambo ya pili ya ziwa. Hadithi nzima ya chimbuko la binadamu, ambayo Kenya hujivunia, imesimama juu ya tarehe. Tarehe zikiyumba, nayo huyumba.

Brown alizaliwa mwaka 1943. Alisomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, na akiwa bado mwanafunzi katika miaka ya 1960 alifika bonde la Mto Omo, kusini mwa Ethiopia. Huko wataalamu wa Marekani, Ufaransa na Kenya walikuwa wameanza kutafuta mabaki ya zamadamu, na kundi la Marekani liliongozwa na Profesa Clark Howell. Mwaka 1971 Brown alijiunga na Chuo Kikuu cha Utah. Alifundisha huko maisha yake yote ya kazi, na kuanzia mwaka 1991 hadi 2016 alikuwa mkuu wa kitivo cha madini na sayansi za ardhi.

Bonde la Omo lilikuwa shule nzuri kwa kijana wa aina yake. Ardhi ya huko imepangika kama kurasa za kitabu: udongo wa mto, kisha majivu ya volkano, kisha udongo tena, kisha majivu mengine. Kanuni ya kusoma kurasa hizo ni ya kale. Mwaka 1669 raia wa Denmark, Niels Steensen, alieleza kwamba tabaka la chini hutangulia kuwekwa, na la juu hufuata.

Lakini kanuni hiyo haitoshi pale ambapo kurasa zimechanika. Katika Turkana ardhi imepasuka, imeinama na kumomonyoka. Tabaka linaloonekana kwenye korongo moja hupotea kwenye korongo la pili, na lile linalofanana nalo kwa rangi huenda ni jingine kabisa. Hapo ndipo kemia inapohitajika.

Kuoanisha jiolojia na kemia nako hakukuanza jana. Katika karne ya 19, raia mwingine wa Denmark, Johan Georg Forchhammer, alizifundisha taaluma zote mbili jijini Copenhagen. Mwaka 1865, ambao ndio aliofariki, alichapisha matokeo ya kupima maji ya bahari nyingi za dunia. Aligundua kuwa ingawa ukali wa chumvi hutofautiana kutoka bahari moja hadi nyingine, uwiano wa chumvi kuu zenyewe haubadiliki sana. Funzo lililobaki ni kwamba uwiano wa viambato unaweza kueleza asili ya kitu kuliko sura yake ya nje.

Brown na wenzake waliutumia uwiano wa namna hiyo kuyatambua majivu. Volkano inapolipuka, uji wa moto hupoa kwa haraka angani na kuwa vipande vidogo sana vya kioo. Kila mlipuko mkubwa huwa na mchanganyiko wake wa chuma, titani, kalsiamu, manganisi na elementi nyinginezo. Vioo hivyo vikipimwa kwa mitambo ya maabara, hudhihirisha alama inayoweza kulinganishwa na alama ya kidole cha mtu. Matabaka mawili yaliyo mbali yakiwa na alama moja, kuna sababu nzito ya kuamini kuwa yalitoka katika mlipuko mmoja, hivyo yana umri mmoja.

Majivu mengi yaliyomo katika bonde la Turkana yalitoka kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Baadhi yalidondoka kutoka angani, na mengi yakachukuliwa na mto wa kale uliotangulia Omo wa leo hadi kwenye tambarare hii. Mto huo ndio uliotandaza alama hizo pande zote za mahali lilipo ziwa sasa.

Umuhimu wa kazi hiyo ulidhihirika katika mgogoro uliotikisa utafiti wa Kenya katika miaka ya 1970. Mwaka 1969, huko Koobi Fora kwenye ufuo wa mashariki wa ziwa, mwanajiolojia Kay Behrensmeyer aligundua zana za mawe ndani ya tabaka la majivu. Tabaka hilo likaitwa KBS, herufi zinazotokana na jina lake.

Sampuli zilipelekwa Uingereza kupimwa na wataalamu Frank Fitch na Jack Miller. Vipimo vya kwanza vilitoa umri wa zaidi ya miaka milioni 200, jambo lisilowezekana. Ilikuwa dhahiri kwamba punje za miamba ya kale zaidi zilikuwa zimechanganyika na majivu. Sampuli nyingine zikachaguliwa kwa uangalifu, na mwaka 1970 umri wa takriban miaka milioni 2.6 ukatangazwa.

Miaka miwili baadaye, Mkenya Bernard Ngeneo, aliyekuwa katika kikosi cha Richard Leakey, aliona vipande vya fuvu ambalo lingejulikana duniani kwa nambari yake, 1470. Fuvu hilo lilikuwa na nafasi kubwa ya ubongo na lilipatikana chini ya tabaka la KBS. Kwa hiyo, ikiwa majivu yalikuwa na miaka milioni 2.6, fuvu lilikuwa la kale zaidi, na likakadiriwa kuwa na miaka milioni 2.9. Magazeti ya dunia yaliandika kwamba historia ya binadamu lazima iandikwe upya.

Waliotia shaka wa kwanza walitazama nguruwe. Nguruwe wa kale walibadilika upesi, na meno yao hutofautiana kutoka kipindi kimoja hadi kingine. Meno yaliyopatikana chini ya tabaka la KBS yalifanana na yale ya bonde la Omo ambayo umri wake ulikuwa karibu miaka milioni 2. Nguruwe wa pande mbili za ziwa moja wangewezaje kuachana kwa zaidi ya nusu ya miaka milioni?

Mwaka 1975 Garnis Curtis na wenzake wa Berkeley walipima majivu ya KBS na kupata umri wa miaka milioni 1.8 na milioni 1.6. Badala ya kuzimika, ubishi ulizidi. Kila maabara ilishikilia vipimo vyake, na wachimbaji waligawanyika.

Brown aliingia katika mjadala huo kwa njia tofauti na wengi. Mwaka 1979 Thure Cerling, Brown na wenzao, Curtis akiwa mmoja wao, walichapisha matokeo yaliyolinganisha majivu ya Koobi Fora na yale ya Omo. Kikemia, KBS ilikuwa tabaka lile lile linaloitwa H2 kule Omo, na umri wa H2 ulikuwa umekwisha kukadiriwa kuwa chini kidogo ya miaka milioni 2. Mwaka 1980 Ian McDougall wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia akapima upya na kupata takriban miaka milioni 1.89.

Njia aliyoitumia McDougall yafaa kuelezwa kwa ufupi. Ndani ya madini ya volkano mna potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi iitwayo agoni. Kasi ya mageuko hayo inajulikana: nusu ya potasiamu ya aina hiyo hugeuka katika miaka bilioni 1.25, na sehemu ya mageuko hayo ndiyo izaayo agoni. Mwamba ukiwa umeyeyuka, gesi hutoroka. Ukiganda, huanza kujikusanya. Anayepima kiasi cha agoni na potasiamu katika fuwele hujua ni lini volkano ililipuka.

Hivyo kazi mbili zilikamilishana. McDougall alitoa idadi ya miaka, naye Brown alionyesha mahali pengine pote ambapo idadi hiyo inatumika. Ubishi wa KBS ukaisha, na fuvu la 1470 likarudishwa kwenye umri wa takriban miaka milioni 2. Hakuna aliyeshindwa kwa kelele. Majivu ndiyo yaliyoamua.

Katika miaka ya 1980 jicho la watafiti likageukia ufuo wa magharibi, yaani upande wa Kataboi. Mwezi Agosti mwaka 1984, karibu na korongo la Nariokotome, Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu chenye rangi iliyokaribia sana ya kokoto zilizokizunguka. Kilikuwa mwanzo wa mifupa ya kijana ambaye dunia humwita Mvulana wa Turkana. Mwaka uliofuata Alan Walker alipata fuvu jeusi la zamadamu wa aina nyingine, mwenye umri wa takriban miaka milioni 2.5.

Magazeti yaliandika juu ya mifupa, huku Brown akitembea makorongoni. Kutoka korongo moja hadi jingine alipima unene wa matabaka, akachukua majivu katika mifuko na kuyasafirisha hadi Utah. Ni kwa kazi ya namna hiyo, na kwa vipimo vya McDougall, ndipo Mvulana wa Turkana alipojulikana kuwa aliishi kati ya miaka milioni 1.5 na milioni 1.6 iliyopita.

Mwaka 1988 Brown, pamoja na John Harris na Meave Leakey, walichapisha maelezo kamili ya ardhi ya magharibi mwa ziwa. Mkusanyiko mzima wa matabaka, ambao unene wake ukijumlishwa unapita mita 700, waliuita Nachukui. Wakaugawa katika sehemu nane. Kuanzia chini kwenda juu ni Lonyumun, Kataboi, Lomekwi, Lokalalei, Kalochoro, Kaitio, Natoo na Nariokotome.

Msomaji wa kutoka Turkana atatambua mara moja kwamba hayo si majina ya wazungu. Taratibu za jiolojia zinataka kila sehemu ya miamba iitwe kwa jina la mahali inapoonekana vizuri. Kwa hiyo majina ambayo wafugaji waliyapa makorongo na malisho yao ndiyo yaliyoingia katika vitabu. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha ng'ambo anayesoma asili ya binadamu hana budi kujifunza kuyatamka.

Sehemu ya Kataboi imewekewa mipaka ya majivu chini na juu. Chini yake ni majivu yaitwayo Moiti, yenye karibu miaka milioni 4. Juu yake ni yale yaitwayo Tulu Bor, yenye takriban miaka milioni 3.4, ambayo ndiyo mwanzo wa sehemu ya Lomekwi.

Majivu hayo ya Tulu Bor yana habari ya kushangaza. Mwaka 1982 Brown alionyesha kuwa ni yale yale yanayopatikana Hadar, kaskazini mwa Ethiopia, zaidi ya kilomita 900 kutoka Kataboi. Hadar ndiko mifupa ya Lucy ilikopatikana mwaka 1974, na kule majivu hayo yako chini ya tabaka la Lucy. Maana yake ni kwamba Lucy hawezi kuwa wa kale kuliko majivu hayo. Mwaka 1985 Brown na wataalamu wengine wakaeleza kuwa majivu ya milipuko ya Afrika Mashariki yamo pia katika udongo wa sakafu ya bahari kwenye Ghuba ya Aden. Upepo ulikuwa umeyafikisha huko.

Faida ya mipaka hiyo kwa Kataboi ilionekana mwaka 1999. Mwezi Agosti mwaka huo Justus Erus, aliyekuwa katika kikosi cha Meave Leakey, aligundua fuvu katika eneo la Lomekwi. Lilikuwa na uso bapa, tofauti na mafuvu mengine ya wakati wake, na mwaka 2001 likatangazwa kuwa la jamii mpya ya zamadamu, Kenyanthropus platyops, yaani mtu wa Kenya mwenye uso bapa. Lilikuwa limelala ndani ya sehemu ya Kataboi, mita 8 chini ya majivu ya Tulu Bor na mita 12 juu ya majivu yaitwayo Lokochot.

Kwa kuwa umri wa majivu ya juu na ya chini ulijulikana, umri wa fuvu haukuwa wa kubahatisha: miaka milioni 3.5. Walioandika taarifa hiyo walikuwa Meave Leakey na wenzake, wakiwamo Brown, McDougall na Wakenya Christopher Kiarie na Patrick Gathogo. Gathogo ni mwanajiolojia aliyesomea Utah, jambo linaloonyesha kwamba elimu ya majivu haikuishia mikononi mwa wageni.

Mwaka 2011 kundi lililoongozwa na Sonia Harmand na Jason Lewis lilipata zana za mawe katika eneo hilo hilo la Lomekwi. Taarifa yao ya mwaka 2015 ilisema zana hizo zina miaka milioni 3.3, yaani zilitangulia zana zote zilizojulikana kwa takriban miaka 700,000. Umri huo pia ulitokana na majivu. Baadhi ya wataalamu wameuliza kama kweli mawe yote yalikuwa ndani ya tabaka lake la asili au yaliporomoka kutoka juu. Swali lao halihusu majivu wala maabara. Linahusu mahali hasa jiwe lilipokuwa lilipookotwa.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili kwa wakazi wa Kataboi, Lomekwi na Nachukui. Mvua chache za Turkana hufua mifupa na mawe kila mwaka, na mara nyingi wa kwanza kuviona ni mchungaji au mtoto aendaye kuteka maji. Mfupa ukiachwa ulipo, majivu yaliyo juu na chini yake huutolea ushahidi. Ukibebwa hadi nyumbani, au ukauzwa kwa mpita njia, ushahidi huo hupotea, na hakuna mtambo wa Utah wala Australia utakaourudisha. Vilevile sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inataka anayegundua kitu cha aina hiyo atoe taarifa, na hairuhusu kuchimba bila kibali.

Brown mwenyewe hakuzichukulia tarehe kuwa neno la mwisho. Mwaka 2005 McDougall, yeye na John Fleagle walitangaza kwamba mafuvu ya binadamu wa aina yetu, yaliyopatikana Omo Kibish mwaka 1967, yalikuwa na takriban miaka 195,000. Mwaka 2022 kundi lingine likiongozwa na Céline Vidal lililinganisha majivu yaliyo juu ya mojawapo ya mabaki hayo na mlipuko wa volkano ya Shala ya Ethiopia, likahitimisha kuwa umri wake haupungui miaka 233,000. Idadi ya miaka ilibadilika, lakini iliyobadilisha ni njia ile ile ya kusoma alama za kikemia za majivu.

Hakuishi kuyaona matokeo hayo. Alifariki tarehe 30 Septemba 2017, naye McDougall akamfuata mwaka 2018. Kamoya Kimeu na Richard Leakey walifariki mwaka 2022. Kizazi kilichoanzisha utafiti wa pande mbili za ziwa kimekaribia kumalizika.

Kilichobaki ni ramani ya matabaka ambayo kila mchimbaji wa leo huanzia kwayo, na sampuli za majivu ambazo bado zinaweza kupimwa kwa mitambo mipya. Kimebaki pia kitabu chenyewe, yaani ardhi ya Turkana, ambayo kurasa zake nyingi hazijafunguliwa. Watakaozisoma watahitaji kujua kemia na kutembea makorongoni kama Brown, na vijana waliozaliwa kando ya makorongo hayo tayari wanayajua majina yote.